Mawe ya Fundi

Jiwe la mia sita na arobaini na mbili lilimteleza Tadjiddine mkononi likabingirika chini ya meza, naye hakuinama kuliokota mara moja. Alikaa kwanza. Mgongo ulikuwa umeshakataa tangu asubuhi, na macho yalikuwa yanamwonyesha kila kitu mara mbili: kalamu mbili, vichupa viwili vya wino mweusi, madirisha mawili ya ghala mahali palipo na moja, na nje yake bandari mbili za Mutsamudu, zote zina wapakizi wanaogombana. Mtu wa miaka hamsini na sita, alijisemea, kazi yake kuandika nambari juu ya changarawe. Kisha akainama, akalipata, akalifuta kwa kitambaa, akaandika 642 kwa mkono ule mdogo, mzuri, aliofundishwa katika ofisi ya ramani kule Unguja, akaliweka juani likauke.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mawe mia nane yalikuwa yamechaguliwa kati ya yote, na wanawake wawili waliyaosha kwa brashi laini. Yeye aliyaandika nambari, akayapima, na yale yenye alama za kugongwa akayachora, kila moja pande tatu, mwanga ukitoka juu kushoto. Mwisho yalifungwa pamba na kupangwa masandukuni. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na meli ilikuwa ifike Alhamisi. Masanduku yakishapanda, mawe yangekwenda Paris, na Paris ingeambiwa kwamba mtu wa kale, wa kabla ya chuma na kabla ya chungu, alivuka bahari akafika kisiwa cha Nzwani. Na katika kitabu kitakachosema hayo, chini ya jina la Daktari Delmotte, pangekuwa na jina la Tadjiddine. Daktari alikuwa ameahidi. Si kwa herufi ndogo za shukrani huko nyuma, alisema, bali mbele, pale watu wanapofungua.

Ahadi hiyo ilimkaa Tadjiddine rohoni kuliko alivyotaka mtu ajue. Alizaliwa Unguja, baba wa Moroni, mama wa Mutsamudu, wote wawili wahamiaji. Unguja aliitwa Mngazija. Mapinduzi yalipokuja mwaka wa sitini na nne alikimbia, akahangaika bara miezi minane, akashuka Moroni na kijisanduku kimoja na rula mbili za chuma, na huko akaitwa Mzanzibari. Mkewe, Housna, alikuwa ameshazikwa Unguja mwaka mmoja kabla. Sasa huko Ngazija, kisiwa cha Moroni, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume asiye na mke ni mgeni popote anapolala. Yeye alilala kwa dadake wa baba mmoja, Loutfia. Tena hakuwa amefanya ndoa kubwa, ile harusi ya mji mzima inayomfanya mwanamume ahesabiwe mtu mzima, kwa hiyo barazani aliketi upande wa wana wa mji, pamoja na vijana wanaotafuta ndevu zao kwa kioo, na nyama ikigawiwa alipewa fungu la vijana. Hakulalamika. Alikuwa amechoka mno kulalamika, na watu wakadhani ni adabu.

Mwaka huu wa sitini na nane ndipo Delmotte alipofika. Alikuwa Mfaransa mrefu, mkavu, rangi imemgeuka njano kwa ini bovu. Alikuwa amechimba miaka tisa huko Tanganyika, akajifunza Kiswahili kwa wachimbaji wake, Kiswahili cha bara, cha amri na utani, kisichoogopa kitu. Miaka tisa alichimba bonde lake. Wenzake wakachimba bonde la jirani, na wao ndio waliopata mafuvu. Yeye alipata malaria. Lakini alikuwa na wazo lake moja, na alilishika kama kipofu anavyoshika mkongojo: sisi sote tulianza Afrika, alisema, na kama mababu walitoka kwa miguu kaskazini, kwa nini wengine wasitoke kwa chombo mashariki? Wenzake walimcheka. Walimpa fedha za safari moja ya mwisho, labda ili anyamaze.

Lugha ya visiwa hakuijua hata neno. Alitaka mtu wa Kiswahili, mwenye mkono wa kuchora, asiye na shughuli nyingine. Ofisini Moroni walikubaliana haraka ni nani asiye na shughuli nyingine.

Wiki tano walipanda na kushuka vilima vya Nzwani bila kupata kitu. Wiki ya sita, juu ya Mutsamudu, katika shamba lililotunzwa na mzee mmoja jina lake Moindjié, mvua ilikuwa imemega ukingo wa mwamba, na ndani ya shimo chini ya mwamba huo palikuwa na mawe meupe. Si kumi, si ishirini. Maelfu, madogo, yamelingana, tabaka tatu, na kati ya tabaka na tabaka udongo mwekundu uliogandamana hata sururu ikaruka. Kilima kizima ni mwamba mweusi wa volkano. Jiwe jeupe la namna ile hulipati mpaka ng'ambo ya kisiwa, mtoni. Na mengi yalikuwa yamevunjwa kwa makusudi. Delmotte aliligeuza moja, akamwonyesha Tadjiddine kovu la pigo na mawimbi madogo yaliyotawanyika kutoka hapo.

"Jiwe jeupe halina miguu, Bwana Tadji," alisema. "Kuna mtu aliyebeba haya. Muulize mzee yanaitwaje."

Tadjiddine akauliza kwa Kingazija chake kibovu. Moindjié, aliyekuwa na sikio moja tu linalofanya kazi, akamgeuzia hilo, akaulizwa tena, akajibu kama mtu anayeambiwa ataje jina la mchana.

"Mabwe ya fundi."

Mabwe ni mawe. Hilo halina mashaka. Lakini fundi! Kwa Kiswahili cha Delmotte fundi ni mtu wa kazi za mikono, seremala, mwashi, mhunzi. Visiwani humu fundi ni mwalimu, mwanachuoni, yule anayewakalisha watoto mkekani na kuwasomesha Kurani. Tadjiddine alijua. Miaka minne alikuwa akiwapisha mafundi njiani. Ila ilikuwa saa nane mchana, kichwa kinamgonga, hajala tangu alfajiri, na neno lilikuwa sawasawa pande zote mbili, hata akalivusha bila kulifungua.

"Anasema ni mawe ya fundi."

Delmotte akaketi chini, udongoni, na suruali yake. "Fundi," alisema. "Unasikia? Wamesahau alikuwa nani, hawajasahau kwamba yalitengenezwa." Macho yake yalikuwa na maji, na Tadjiddine aliona haya akatazama pembeni.

Alasiri ile, anatawadha, maji yanamtiririka viwikoni, ndipo neno lilipomgeukia likamwonyesha uso wake wa pili. Alifunga kilemba upesi, akasali upesi zaidi kuliko inavyopasa, akaenda moja kwa moja hadi chumbani kwa Delmotte kumwambia. Alimkuta mezani, anaandika barua kwenda Paris.

"Vizuri umekuja," Delmotte alisema bila kuinua kichwa. "Jina lako linaandikwaje? Tadjiddine ni d moja au mbili, hapo katikati?"

Tadjiddine alisimama mlangoni. Kinywa chake kilikuwa tayari kimefunguka kwa ajili ya neno lile jingine.

"Mbili, Daktari," alisema.

Basi. Mtu anaweza kupotea kwa herufi moja. Usiku alijitengenezea udhuru: pengine fundi ndiye mwenye shamba tu, na mawe ni ya zamani kuliko shamba; pengine Moindjié mwenyewe hajui. Udhuru wa namna hiyo hauhitaji kuwa na nguvu, unahitaji tu mtu aliyechoka.

Wiki mbili baadaye walirudi Moroni kupata mihuri ya kutoa masanduku nchini, na Tadjiddine akalala kwa Loutfia. Alimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga imefungwa kifuani, anafoka peke yake kwa sababu hakuna wa kumfokea.

"Haya, mdogo wangu. Mmemwona huyo mtu wa kwanza?"

"Tumeyaona mawe yake, Dada."

"Alikuwa Mwislamu?"

"Ni kabla ya Mtume. Ni kabla ya Nuhu."

"Kabla ya Nuhu alivuka na nini, na safina haijaundwa?" Alicheka kwa swali lake mwenyewe, akakuna nazi nusu nzima kabla ya kuendelea, na alipoendelea sauti ilikuwa nyingine. "Miezi miwili uko Mutsamudu. Kwa mama yako umebisha hodi?"

Tadjiddine alijifanya kufuta miwani.

"Nimekuuliza."

"Sijapata nafasi."

"Miaka minne hujapata nafasi! Unachimba asili ya watu wote, na nyumba aliyozaliwa mama yako iko pale, bandari unaiona ukikaa kizingitini. Mwacha asili ni mtumwa, walisema waliosema."

"Nikaseme nini, Dada? Mama aliondoka kigori. Hawajaniona hata siku moja. Nibishe hodi, watoke, waulize wewe nani, na mimi niseme nani? Mimi mwana wa mji mwenye mvi. Mkono mtupu, mke sina, nyumba sina. Nimechoka kuulizwa mimi nani." Alishangaa kusikia sauti yake imepanda. "Kitabu kikitoka nitakwenda nacho. Nitawaonyesha jina."

"Utawaonyesha jina lako," Loutfia alisema taratibu. "Wao wangetosheka na la mama yako."

Alfajiri Tadjiddine alipanda ndege ndogo kurudi Mutsamudu, mihuri mfukoni.

Na sasa, Jumanne, siku mbili kabla ya meli, Tadjiddine ameshafika jiwe la 790, mlango wa ghala ukatiwa kivuli na mwanamke mzee aliyejitanda shuka ya shiromani. Alikuwa mfupi, mnene, anahema kwa kupanda ngazi, na wale wanawake wawili waliokuwa wakiosha mawe walisimama wote alipoingia. Tadjiddine naye akasimama, akamwamkia kwa adabu ya visiwani.

"Kwezi."

"Mbona," aliitikia mzee. Akayatazama masanduku, akatazama pamba, akatazama safu za mawe meupe yaliyotanda mezani, kila moja na nambari yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kale, chenye harufu ya vitabu: "Mnawapeleka wapi?"

"Mnayapeleka," Tadjiddine alimsahihisha, kwa mazoea tu ya karani. "Ni mawe, Bi. Yanakwenda Ulaya."

"Nimesema mnawapeleka. Kiswahili nakijua, nilisomeshwa na baba kwa bakora. Mawe yanapelekwa. Watu wanapelekwa pia. Nakuuliza hawa watu mnawapeleka wapi."

Jina lake lilikuwa Charifa, na baba yake alikuwa Fundi Soulé. Tadjiddine alimpa kiti, na akiwa anakisogeza alijua tayari kwamba kile alichokuwa akikikwepa kimefika kwa miguu yake.

Charifa alieleza bila haraka. Mtu akifa visiwani, watu humfanyia tahlili: hukaa wakasema "La ilaha illallah" mara elfu sabini, na thawabu yake akatunukiwa maiti. Elfu sabini hazihesabiki kwa vidole. Fundi Soulé alikwenda mtoni ng'ambo ya kisiwa, akaokota mawe meupe, safi, na yaliyozidi ukubwa akayavunja kwa jiwe jingine mpaka yakalingana na kokwa la kungu. Mawe elfu moja, yazungushwe mara sabini. Mafundi wengine, hesabu ikiisha, hutia mawe kapuni wakangoja maiti mwingine. Soulé alikuwa na ukaidi wake. Alisema jiwe lililotajiwa jina la Mungu mara sabini haliwezi kurudi kuwa jiwe tu, likakanyagwa, likachezewa na watoto. Wenzake walimcheka. Yeye aliyazika, kwa udongo uliokandwa na kushindiliwa kama wa kaburi, mahali pa juu, chini ya mwamba.

"Na si kwa kila maiti," Charifa alisema. "Wenye makaburi wana makaburi yao. Haya ni ya wasio na kaburi. Chini kabisa ni wale waliozama njia ya kwenda Majunga, Madagaska, baba akiwa kijana. Katikati ni waliochukuliwa na maji kwenye kimbunga cha mwaka wa hamsini. Juu ni wa Unguja."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Tadjiddine. Aliiweka mezani.

"Mimi nilikuwa Moroni miezi mitatu kwa binti yangu aliyejifungua," mzee aliendelea. "Nikapata habari huko huko. Nikaambiwa kuna Mzungu amewatoa, anawaosha, anawahesabu mmoja mmoja, anawavika pamba. Nikasema Alhamdulillahi, huenda amesilimu! Moindjié naye hakuona ubaya. Mtu akioshwa na kuvikwa pamba, utasema nini? Jana ndiyo nimeambiwa kuna meli."

Mmoja wa wale wanawake aliguna kicheko akakimeza. Tadjiddine hakucheka. Alikuwa anatazama 642, pale katika safu yake, limekauka.

"Hao wa Unguja," alisema. "Ni kina nani?"

"Ilikuja habari kwamba wamekufa. Barua hakuna. Baba akangoja miezi mitatu, barua haikuja, akawatangazia msikitini. Watu walikaa siku tatu, mji mzima. Mimi niliongoza upande wa wanawake, ndiyo maana majina ninayo." Akafumba macho, akayataja kama yanavyotajwa kwa maiti, kila mtu na mama yake, kwa kuwa huko aendako maiti mtu haitwi kwa baba. "Djaanfar mwana wa Faouzia. Kamardine mwana wa Djaouharia. Fahardine mwana wa Djaouharia, nduguye."

Djaanfar alikufa kweli. Tadjiddine mwenyewe alisaidia kumbeba. Kamardine alimwona mara ya mwisho akikimbilia upande wa pwani.

"Tadjiddine mwana wa Koultoumi," alisema Charifa.

Aliendelea na wengine, lakini Tadjiddine hakuwasikia. Alichokisikia moyoni hakikuwa furaha wala huzuni. Ilikuwa aibu zaidi kuliko chochote, aibu ya mtu aliyekaa njaa nje ya nyumba ambamo sahani yake ilikuwa imefunikwa na kawa siku zote.

"Huyo wa Koultoumi," alisema alipoweza. "Mlimjua?"

"Tungemjulia wapi? Koultoumi aliondoka hapa ana miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa bado natambaa."

"Sasa mnamkalia siku tatu mtu msiyemjua?"

"Mungu anamjua," alisema Charifa, akishangaa kidogo. "Sisi tulijua ni mwana wa Koultoumi. Kwani hilo halitoshi?"

Wale wanawake waliacha kuosha. Nje mpakizi mmoja alikuwa anamtukana mwenzake kwa ajili ya kamba. Tadjiddine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni mimi, Bi Charifa," alisema. "Sikufa. Niko Moroni tangu mwisho wa mwaka ule ule. Nilikuwa naona haya kuja."

Mzee alimtazama muda mrefu sana, akitafuta usoni pake sura ya Koultoumi, ambayo hata yeye hakuikumbuka. Kisha akainuka kwa shida, akamfikia, akampiga kofi dogo begani, kama anavyopigwa mtoto aliyetumwa dukani akachelewa kurudi. "Miaka minne!" alisema. "Miaka minne, na sisi tunakuombea rehema!" Akalia, na wale wawili wakalia naye, maana kilio hakina mwaliko.

Kulikuwa bado na Daktari. Tadjiddine alimkuta kitandani, homa imempanda, neti imefungwa upande mmoja. Alikataa kiti. Alisema kwa kusimama, kwa Kiswahili chepesi kabisa, ili neno lisijifiche tena mahali.

"Daktari, nilikuvushia neno vibaya. Fundi hapa si wa kazi za mikono. Ni mwalimu wa dini. Mawe ni ya tahlili, yaani ya kuhesabia dua za maiti. Aliyeyavunja alikufa juzi juzi, binti yake yupo. Tabaka la juu lina miaka minne."

Nzi alitembea juu ya neti mpaka akapata njia ya kuingia.

"Umejua lini?"

"Alasiri ile ile."

"Nilipokuuliza d moja au mbili."

"Ndiyo, Daktari."

Delmotte alijigeuza akatazama ukuta. Alipoanza kutikisika Tadjiddine alidhani ni homa, kumbe anacheka, kicheko kibaya, kikavu, kinachoumiza ubavu. "Makaa," alisema. "Nimechukua makaa ya tabaka la chini. Paris wangeyapima umri. Yangewaambia ni ya siku za bibi yangu. Wangenicheka mpaka kaburini na kurudi." Kicheko kikakatika. "Ule udongo. Udongo ule ulikuwa umeshindiliwa kwa mikono, Bwana Tadji. Nilikuwa nimekwisha liona hilo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Nikasema ni uzee wa ardhi."

"Tulikuwa tumechoka, Daktari. Wote wawili."

"Sikuchoka. Nilitaka." Akavuta shuka. "Nenda sasa. Sikufukuzi kwa hasira. Nenda tu."

Alhamisi meli ilikuja, ikachukua karafuu na langilangi na Delmotte, na masanduku yalibaki ghalani. Tadjiddine alimbebea begi hadi ukingo wa gati. Kitabu hakikutajwa. Ila akiwa tayari ameshika kamba ya mashua, yule mtu mgonjwa aligeuka.

"Lakini lile la kwanza nililosema ni kweli," alisema. "Jiwe jeupe halina miguu. Kuna mtu aliyeyabeba."

"Yupo, Daktari. Umepata."

Ijumaa baada ya sala mawe yalirudishwa kilimani kwa makapu, lakini Charifa hakukubali yazikwe na nambari usoni. Wino ule ulikuwa umetengenezwa usitoke. Ilibidi yasuguliwe kwa mchanga na majivu, moja moja, pembeni ya mtaro wa maji, na aliyeyaandika ndiye aliyeyasugua. Hakuna aliyemwonea huruma. 790, 789, 788. Vidole vilimchubuka. Alipofika katikati ya mia saba aligundua midomo yake inatembea yenyewe, na kwamba kila jiwe lilipotoka jeupe mkononi alikuwa amekwisha sema juu yake lile neno linalosemwa.

Charifa, aliyekaa juu ya gunia akisimamia kazi asiyoifanya, alimsikia.

"Nauliza, Bi Charifa," alisema Tadjiddine bila kusimamisha mkono. "Zile elfu sabini zangu mimi. Nami sikufa. Zinakuwaje?"

"Zitakuwaje? Kilichotolewa hakirudi. Zimekaa zinakungoja, wewe tu na uchelewaji wako." Akatafakari kidogo, na tumbo lake likaanza kucheka kabla ya mdomo. "Yule Mzungu wako alikuwa anatafuta mtu wa kwanza. Alikaa naye miezi mitatu! Mtu wa kwanza tangu Adamu anayeosha tahlili zake kwa mikono yake mwenyewe."

Walicheka wote, hata Moindjié, aliyelazimika kurudiwa mara mbili upande wa sikio zima. Tadjiddine alisugua 642 mpaka 6 ikatoka, 4 ikatoka, 2 ikatoka, akaliweka na mengine.

Jua lilikuwa limesogea wakati mwanamke mmoja aliposimama bondeni kwenye njia ya kwenda mjini, ameshika mlango wa ua kwa mkono mmoja. Tadjiddine hakumjua. Alitoka katika nyumba ya mama yake, ile ambayo hakuwahi kubisha hodi; Charifa alikuwa amekwisha wapelekea habari.

"Mwana wa Koultoumi!" aliita. "Chakula kinapoa!"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita hivyo, isipokuwa siku zile tatu alipokuwa maiti. Akanawa majivu mikononi, akainuka, mgongo ukilalamika, akateremka.